Nilimfunda kuvumilia, amerudi mkono umevunjika

BARUA

Assalaam aleikum mwanangu,

Barua hii anaiandika mjukuu wangu, mimi namtajia tu, maana mato yangu hayawezi tena herufi ndogo. Nimemwambia aandike kama nisemavyo, asipambe.

Mimi ni mtu wa Lamu, mtaa wa Langoni, na kazi yangu ni usomo. Tangu mume wangu alipokufa, karibu miaka 30 sasa, watu huniletea mabinti zao wakikaribia kuolewa. Huwasinga kwa liwa, huwafukiza udi, huwafunza josho na mambo ya ndani, na siku saba za fungate mimi ndiye niingiaye na kutoka. Nikipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, asubuhi, kila hatua chache nasikia "Shikamoo somo." Sikupata mali kwa kazi hii, nimepata heshima, nami naipenda heshima hiyo, sikufichi.

Kila binti nimfundaye humalizia kwa maneno yale yale niliyofunzwa na mamangu. Mwanamke ni sitara. Cha ndani kikae ndani. Mume akirudi na moto, wewe kuwa maji. Likikufika la kukufika, vumilia, mvumilivu hula mbivu. Kisha humsomea beti za utenzi wa Mwana Kupona, zile za radhi ya mume, kwa kuwa nazijua kwa moyo.

Sasa nikueleze kilichonifanya nikuandikie.

Kuna binti mmoja ambaye mamake alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete, na alimzaa mikononi mwangu. Mama amekufa, baba amekufa, mtoto kalelewa na ami yake. Nilimfunda mimi, miaka 4 iliyopita, akaolewa na kijana wa watu mwenye duka la vipuri vya pikipiki Mokowe. Wakapanga chumba huko huko, ng'ambo ya maji. Wana mtoto wa kike wa miaka 2.

Ijumaa iliyopita, Isha imeshasaliwa, nikasikia hodi. Ni yeye, mtoto mgongoni, mkono wa kushoto ameuning'iniza kwa leso shingoni. Amevuka maji peke yake usiku. "Ndoo mwanangu," nikamwambia, "umekuwaje?" Akanijibu, "Nimeteleza ngazini, somo."

Chumba chao nakijua. Kiko chini, mlango wake unafungukia mchangani. Hakina ngazi hata moja.

Nilikaa kitako, mwanangu. Maneno yale ni yangu. Zamani bibi harusi mmoja aliniuliza, "Na nikiulizwa alama hii ni ya nini?" Nikamjibu, "Sema umeteleza ngazini." Hapa Lamu kila nyumba ina ngazi na kila ngazi ni kali, nani atakataa? Tangu siku hiyo nikalitia neno hilo katika mafunzo yangu. Nilidhani nawapa ngao.

Akanieleza yote. Hii ni mara ya tatu. Mara ya kwanza, hata mwaka haujatimia, alipigwa makofi akaja kwangu. Mimi mwenyewe nilimvusha maji kumrudisha, na mkate wa sinia nimebeba. Mara ya pili alikuwa na mimba ya miezi 6. Ami yake alimrudisha, mume akaapa kwa msahafu, akamletea doti ya leso. Mara hii alitaka kwenda kumwona shangazi yake mgonjwa, mume hakutaka, wakajibizana, akampiga kwa spana ya dukani mpaka mfupa ukavunjika. Alimkaba na koo pia, lakini si sana, alimwachia. Tulikwenda hospitali usiku ule ule, wakamtia plasta. Daktari alipomuuliza, akasema ameteleza. Mimi nimesimama pale pale, nikanyamaza.

Sasa ami ameitisha kikao Ijumaa hii baada ya Alasiri, wazee wa pande zote mbili. Neno lishapikwa. Mume ataomba radhi, atalipa gharama, ataleta mbuzi na leso, na binti arudi kwake. Mimi nimetumwa niseme naye kabla ya kikao: "Wewe ndiwe uliyemfunda, lako atalisikia." Ami huyo, Mungu anisamehe kwa kulitaja, anadaiwa na kijana yule pesa za injini ya boti. Habari ya kwenda polisi wazee hawataki hata kuisikia. Wasema mambo ya nyumba yakitoka nje hayarudi ndani, na mtoto atanyang'anywa. Yeye mwenyewe hasemi kitu. Hukaa tu anamsuka mtoto kwa mkono mmoja, anasuka na kufumua.

Nami nina langu. Marehemu mume wangu alinipiga mara mbili, na mara zote mbili mamangu alinirudisha, tukaishi hadi akafa, nami nikamlilia. Nikadhani ndivyo ndoa ilivyo. Leo sijui. Kama niliyowafunza yalikuwa makosa, ni wangapi wameteleza ngazini? Na nikimwambia huyu asirudi, nani ataniletea binti tena? Watasema somo avunja ndoa za watu.

Niseme nini Ijumaa?

Somo wa Langoni

JIBU

Waaleikum salaam warahmatullah, mama. Shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na nitakujibu kama mtoto anavyomjibu mamake, kwa adabu na bila kuficha. Naanza na jambo ambalo hukuliuliza.

Umesema alimkaba koo, "lakini si sana". Umelipita mbio, nami hapo ndipo niliposimama. Mkono kila mtu anauona, umo ndani ya plasta. Koo halionekani. Wanaochunguza vifo vya wanawake mikononi mwa waume zao wamekuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mumewe yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa siku za mbele kuliko yule aliyepigwa bila kukabwa. Tena madhara yake hujificha. Nje pasiwe na alama, ndani mshipa wa damu umeumia, na mtu akaanguka siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo mwambie mjukuu wako aiweke barua hii chini kidogo, umuulize binti. Je, sauti imekauka? Akimeza anaumia? Anaumwa kichwa, ana kizunguzungu? Alipokabwa aliona giza, au alijikojolea? Hata akikataa yote, mrudishe hospitali leo, na safari hii usinyamaze. Mwambie daktari alikabwa koo na mkono ulivunjwa kwa spana. Ile karatasi inayosema ameteleza, ikibaki hivyo, siku moja itasomwa kumtetea aliyempiga.

Na asirudi Mokowe Ijumaa. Wakati ambao wanawake wengi huuawa ni pale wanapoondoka, au pale mume anapohisi kwamba safari hii mke anaondoka kweli. Msimkalishe kikaoni uso kwa uso na mumewe. Asitumwe kuchukua nguo zake. Kitambulisho chake na cheti cha kuzaliwa cha mtoto vikafuatwe na wanaume wawili wa kwenu, mchana kweupe, au waende na askari.

Kituo cha polisi mtakwenda kabla ya kikao, si baada yake. Kuvunja mfupa wa mtu ni jinai nchini Kenya hata kama mvunjaji ni mume, na baraza la familia halina uwezo wa kuifuta jinai. Ulizeni dawati la jinsia. Anaweza kuomba maneno yake yaandikwe na askari wa kike, pembeni, si kaunta watu wakisikia. Tukio likishaandikwa, chukueni nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kisha fomu ya P3, ile ya kuandikia majeraha, ambayo hutolewa bure na kujazwa na daktari. Akikwambia anaogopa, mwambie kwamba kuandikisha hakumlazimishi leo kuamua habari ya ndoa yake. Kunahifadhi ukweli tu kabla mkono haujapona. Na simu ya 1195 hupigwa bure, mchana na usiku, kwa watu wa mambo haya haya.

Sasa tuje kwenye mafunzo yako.

Mama, wewe unazijua nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani hapo Lamu kuliko mimi mtoto wa Malindi. Baba mwenye uwezo alipotaka kumwoza bintiye, alimpa nyumba, au alimwongezea ghorofa juu ya nyumba yake, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Wikio lilirushwa juu ya njia ili nyumba mbili za ndugu ziwe kama moja, mwanamke apite kwa mamake bila kushuka chini. Katika nyumba kama hiyo mume akipaza sauti, babamkwe anaisikia. Akiinua mkono, ameuinua ndani ya nyumba ya mkewe, na huenda usiku ule ule akajikuta njiani na sanduku lake. Huko ndiko neno "vumilia" lilikozaliwa. Aliyeambiwa avumilie alikuwa na baba ghorofa ya chini.

Na Mwana Kupona vilevile. Alipomtungia bintiye wosia ule mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, na humo humo anasema kwamba yeye na mumewe hawakuteta hata siku moja. Beti za radhi unazijua kwa moyo. Zisome na hizo pia mbele ya mabinti. Mama yule alikuwa akimwachia mtoto wake ndoa kama aliyoishi yeye, ya mume aliyemfurahisha naye akamfurahisha. Hakumwandikia mwanamke aliyevunjwa mkono.

Sisemi zamani palikuwa pepo. Wake walipigwa ndani ya kuta zile zile nene, na kuta zikawanyamazisha, kwa kuwa jina la ukoo lilitangulizwa mbele ya mwili wa binti. Na walikuwamo wengine humo ndani, masuria na wajakazi. Utumwa haukufutwa na sheria katika pwani yetu mpaka mwaka 1907. Hao hawakuwa na baba ghorofa ya chini, wala ami wa kuwaitishia kikao, wala wikio la kukimbilia. Waliambiwa wavumilie na basi. Binti yako huyu, yatima, katika chumba cha kupanga ng'ambo ya maji, hali yake iko karibu na hali yao kuliko ya bibi harusi wa Mkomani. Ukuta umeondoka, neno limebaki vile vile, nasi tumeendelea kuligawa kama kwamba ukuta bado upo. Kosa hilo ni la mji mzima, mama. Mimi pia nimo. Nilipokuwa mdogo jirani yetu alikuwa akipigwa karibu kila wiki, na kwetu tulikuwa tukiongeza sauti ya redio. Mpaka leo nikisikia taarabu imepandishwa ghafla, moyo hunienda mbio.

Wala wakubwa wa dunia hawakutupita kwa mengi. Waingereza, waliotangaza himaya yao juu ya pwani hii mwaka 1895, kwao wenyewe ni mwaka 1878 tu ndipo sheria ilipompa mke aliyepigwa vibaya njia ya kupata kwa hakimu amri ya kutengana na mumewe. Bunge la Kenya mwaka 1979 liliukataa mswada wa ndoa, na miongoni mwa hoja zilizosemwa mle ndani ni kwamba ungemnyang'anya mwanamume haki yake ya kumrudi mkewe. Ilibidi tusubiri hadi mwaka 2015 ndipo ikapatikana sheria ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani. Lakini sheria huandikwa Nairobi, na kunyamaza hufunzwa nyumbani. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014, asilimia 42 ya wanawake walisema yako makosa ambayo mume akimpigia mkewe ni haki yake. Wanaume waliosema hivyo walikuwa asilimia 36. Nilipoiona hesabu hiyo sikushangazwa na wanaume. Niliwaza nani alitufunza sisi.

Sheria hiyo ya 2015 itakufaa Ijumaa, kwa hiyo nikuelezee. Haihesabu kipigo peke yake. Inahesabu matusi na vitisho, kumnyima mtu pesa zake ili asiweze kuondoka, kumfuatafuata, hata wakwe kuingilia ndoa ya watu. Mwanamke huenda kwa hakimu akaomba amri ya ulinzi, na mume akiivunja amri hiyo anaweza kufungwa. Mahakama iko hapo hapo Lamu.

Najua pia kitakachosemwa kikaoni. Mzee mmoja ataitaja aya ya 34 ya Suratun-Nisaa, ile inayotajwa kuhalalisha kumpiga mke. Usibishane naye kwa sauti. Mwulize kwa upole ni mwanachuoni gani aliyeruhusu kuvunja mfupa au kukaba koo. Hatampata. Hata waliosema pigo linajuzu walilifunga: lisiwe usoni, lisiache alama, lisivunje kitu. Imamu Shafi, ambaye tunafuata madhehebu yake pwani nzima, aliona kuacha kupiga ndiko bora. Na Mtume (s.a.w.), kwa ushahidi wa Bibi Aisha, hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Wanawake wengi walipokwenda kwa wakeze kuwashitaki waume zao, aliwatangazia watu kwamba wanaume wale si wabora wenu.

Kisa ninachotaka ukichukue hasa ni cha Habiba binti Sahl. Alikwenda mlangoni kwa Mtume alfajiri, giza bado halijatoka. Iko riwaya isemayo kwamba mumewe, Thabit bin Kays, alimpiga mpaka akamvunja. Hakuulizwa alikuwa amefanya nini hata akapigwa. Hakuambiwa arudi akavumilie. Thabit aliambiwa achukue bustani aliyotoa mahari na amwache, na Habiba akakaa kwa watu wake. Hayo yalikuwa Madina, zaidi ya miaka 1,200 kabla ya sheria ile ya Waingereza. Mama, naye alibisha hodi gizani, kama binti yako alivyobisha kwako.

Kikao chenyewe kina asili njema, sikipingi. Aya ya 35, inayofuata ile ya mzee, ndiyo iliyokiweka: msuluhishi kutoka kwa mume, msuluhishi kutoka kwa mke. Na wapo maulamaa waliosema hao wawili wana uwezo hata wa kuwatenganisha. Lakini wa upande wa mke awe wake kweli. Mtu anayedaiwa pesa za injini na mume hafai kukaa kiti hicho, naye akiulizwa faraghani na imamu wa msikiti wake atalijua hilo bila kuaibishwa. Mtafute mjomba, au mzee mwingine asiye na deni. Deni la boti lina njia yake ya kulipwa, na si kwa mwili wa mtoto wa ndugu yake.

Mkienda kwa kadhi, msione haya. Kuna mtafiti wa Kimarekani, Susan Hirsch, aliyekaa katika mahakama za kadhi za Malindi na Mombasa miaka ya 1980 akisikiliza kesi za ndoa. Aliona kwamba waliofungua kesi nyingi ni wanawake, na wengi wao walishinda. Hao walikuwa mama zetu na shangazi zetu, waliofunzwa kunyamaza kama tulivyofunzwa sisi, na siku moja wakavaa buibui wakaenda wakasema mbele ya watu. Kadhi anaweza kuivunja ndoa kwa sababu ya madhara. Asikubali kulazimishwa kikaoni kurudisha mahari ili aachwe kabla kadhi hajasikia alivyofanyiwa. Ama kunyang'anywa mtoto, hicho ni kitisho. Mtoto wa miaka 2 hadhana yake, yaani haki ya kumlea, katika sheria ya dini ni ya mama kwanza, na mahakama za nchi hii hutazama maslahi ya mtoto. Mbuzi na leso havina nguvu hiyo.

Hata hivyo, mama, usimwamrishe. Ameamrishwa na mume, na ami, na kikao, na mara ya kwanza uliamrisha wewe. Mkae wawili, mtoto akiwa amelala. Mwambie kwamba maneno ya ngazini ulimpa wewe na sasa unayachukua. Kisha mwulize anataka nini, na umngojee ajibu, hata kama ni mpaka alfajiri. Huenda akasema anataka kurudi. Wengi hurudi, mara nyingi, kabla hawajaondoka moja kwa moja. Wanampenda, wanaogopa, hawana pesa, wote kwa pamoja. Akisema hivyo usimfungie mlango wala usimwambie "shauri yako". Mweleze habari ya koo kama nilivyokueleza. Mwambie mlango wako hauna saa, na mwekee kwako nauli ya boti na nakala za karatasi zake.

Ijumaa wakikuuliza umemwambia nini, sema: "Nilimrudisha mara moja kwa mkono wangu. Sitamrudisha tena." Sikuoni ukihitaji maneno zaidi ya hayo. Somo wa mji akisema hivyo mbele ya wazee, litafika Shela kabla ya Magharibi.

Kuhusu mabinti ambao hawataletwa tena kwako, sitakudanganya. Huenda nyumba mbili tatu zikasita. Lakini mama mzaa binti, hata yule mkali, usiku hulala akiwaza mtoto wake atakuwa salama au la, na wewe utakuwa somo anayeweza kumjibu. Maana unayo ya kufunza bado. Mtume alipoulizwa na Fatuma binti Kays kuhusu waliomposa, alimwonya juu ya Abu Jahm, kwamba haweki fimbo yake chini. Basi kuuliza habari za mkono wa mposaji si kusengenya, ni sunna, na kazi hiyo yakufaa wewe unayezijua nyumba zote. Liwa na udi viendelee. Heshima ya mume na mke iendelee. Pale mwisho, palipokuwa na ngazi, mfunze kitambulisho chake akiweke wapi, nani wa kumpigia, na kwamba akipigwa asubuhi anakutarajia wewe jioni.

Na yale mapigo mawili uliyoyataja kwa haraka karibu na mwisho wa barua, kana kwamba si yako. Yalikuwa yako. Kwamba ulimlilia mumeo hakuyafuti, na kwamba yaliumiza hakulifuti penzi lako kwake. Hapakuwa na mtu wa kukwambia pole wakati ule, kwa hiyo naisema mimi, miaka mingi baadaye: pole sana, mama.

Wale mabinti wengine uliowafunda bado wako hai, wengi wao, na wanakuamkia Usita wa Mui kila asubuhi. Huwezi kuwaita wote. Lakini wapo wawili watatu ambao tangu uliposoma alama usoni mwao umekuwa ukiwawaza. Nadhani majina yao yameshakujia. Wapitie, mmoja mmoja, kama unayepeleka udi.

Niandikie baada ya Ijumaa. Mjukuu aandike kama usemavyo, asipambe.